Talaka Uliyoninyima, Babu

Woodley, Nairobi

Kwako Babu, mume wangu wa kwanza,

Sijui nianze na salamu au nianze na kosa. Nikianza na salamu nitazunguka weee mpaka karatasi iishe, nawe unanijua. Basi naanza na kosa. Jumapili iliyopita, kwenye hitima yako ya mwaka, nilikucheka.

Kusoma kulikuwa kumekwisha. Ami Bakari, mwanao mdogo, akaegemea mto akaanza kile kisa chake anachokisimulia kila watu wakikutana. "Mzee kalala mlangoni, kichwa ndani, miguu nje! Ati mkewe hatoki! Bwana harusi na jamaa zake wamesimama kwenye maua kama watu wanaongoja basi!" Sebule nzima ikacheka. Baba hakucheka, lakini alitikisa kichwa akasema, "Mungu amrehemu. Akili zilikuwa zimeshamtoka." Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la pilau mikononi, wageni wakanigeukia waone bibi harusi wa kisa hicho anasemaje. Nikacheka pamoja nao.

Tangu siku hiyo situlii. Nikikaa nainuka, nikiinuka nasahau nilichoinukia. Mama amenishika paji la uso mara mbili akidhani nina homa. Kazini ndiyo usiseme. Juzi mwenzangu Njeri alinivua vile vipokea sauti kichwani akaniuliza, "Zuhura, leo uko wapi? Mkurugenzi ameitisha wizara, wewe umempatia bucha. Ati ameulizwa anataka nyama ya mfupa ama steki!" Tulicheka, nikazirudia zile waya. Nilizitazama taa za ubao wa simu zinawakawaka, watu wote wale wanataka kuongea, na mimi neno langu moja sijalisema miaka mitatu sasa.

Ndiyo maana barua hii siitii gundi. Wewe huwezi kuisoma, na wanaoweza kuisoma ndio ninaotaka waisome.

Ngoja kwanza nijikumbushe ulivyonioa.

Nilikuwa na miaka sita, Uhuru haujamaliza mwaka wa pili, na Baba alikuwa ndio kwanza amepewa nyumba hii ya Woodley kwa sababu ya kazi yake ya ukarani. Nyanya alikuwa amekufa kabla hatujahama. Baba alikuomba uje ukae nasi, ukakataa. Ukabaki mjini, kwenye kile chumba cha ghorofani nyuma ya duka la viungo, karibu na mtaa wa Biashara, mchana ni chuo chako cha Kurani, jioni ni chumba chako cha kulala. Siku ya kwanza ulipokuja kuiona nyumba yetu ulisimama mbele ya lile jiko la moto la Wazungu pale sebuleni, ukaliinamia, ukachungulia juu kwenye bomba la moshi. "Hawa watu walikuwa wapikia mbele ya wageni?" ukauliza. Baba akakueleza kwamba ni la kuota baridi. Ukaguna, ukavuta kiti, na baridi ya Julai ilipokuja hukutoka mbele yake.

Ukiwa umekaa hapo ukanivuta mkono ukawaambia watu wote, "Mke mkubwa ameniacha, ametangulia. Nimebaki na huyu mdogo. Asiguswe."

Kwetu jambo hili ni la kawaida, babu na mjukuu ni watani, mke na mume wa maneno. Lakini wewe hukuwa mtu wa kufanya utani nusu. Jumamosi nikimaliza kusoma chuoni ulinishika mkono tukapita madukani, na kila duka ulinitambulisha upya. "Huyu ndiye mwenye nyumba. Ana wivu, msinionyeshe wanawake." Yule Mhindi wa chai alikuwa hakumiminii mpaka aniangalie. "Mama, mzee leo naruhusiwa sukari ngapi?" Nikisema kimoja, unapewa kimoja, unalalamika njia nzima hadi kituo cha basi. Vifungo vya shati lako nilivishona mimi. Kofia zako nilizifua mimi, na nikiziharibu umbo ulizivaa hivyo hivyo zikiwa zimepinda, ukiulizwa unajibu kwamba ndivyo mke wako anavyopenda.

Unakumbuka nilivyokususia? Nilikuwa na miaka minane. Nilikukuta ngazini unacheka na yule mama wa vitumbua, tena unamwita "malkia". Nilirudi Woodley sisemi na mtu. Jumamosi iliyofuata sikuja chuoni. Jumapili mvua kubwa, tukasikia hodi, ukaingia umelowa, umekumbatia kifurushi cha halwa ndani ya koti. Hukumsalimu Baba. Ulikuja mpaka mlango wa jikoni nilipokuwa nimejificha ukasema, "Mke wangu, nimekuja kukurudia. Vitumbua nimeacha. Hata njia ile sipiti tena." Mama alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilikaza uso dakika nzima ndipo nikachukua halwa. Baba peke yake alisimama pembeni na taulo, akingoja tumalize ili akukaushe.

Namtaja Baba hapa kwa sababu yeye pia ni wa kisa hiki. Baba si mkali. Hajawahi kuninyanyulia mkono. Lakini na Baba nazungumza macho yakiwa chini, naye anazungumza na mimi kama anayesoma tangazo, na sote wawili tunaona hiyo ndiyo heshima. Aliponiita siku ile akaniambia Bwana Twaha ameniposa na yeye amekubali, nilisema "Ndiyo, Baba," nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Bwana Twaha hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na duka la magodoro, na alikuwa rafiki wa Baba wa msikitini. Alikuwa akija kwetu miaka yote hiyo na hakuwahi kuniuliza hata jina la shule yangu. Nilikuwa na miaka kumi na minane, miezi minne tu kazini kwenye simu, na ujumbe uliokuja na posa ulisema mke wa Bwana Twaha hatafanya kazi ya kuongea na wanaume kwenye waya. Kila mtu aliliona neno hilo kuwa la haki. Mimi usiku silali, mchana natabasamu.

Na nilijua namna itakavyokuwa. Ulitufundisha mwenyewe: mwali anaulizwa idhini, na akinyamaza, kimya chake ndiyo idhini. Nilijijua. Baba atakuja na mashahidi wawili, atauliza, na mimi mbele ya Baba nitanyamaza kama ninavyonyamaza siku zote, na watu watapiga vigelegele.

Zilipobaki wiki mbili, saa ya chakula cha mchana, nilitembea kutoka ofisini mpaka chuoni kwako. Watoto walikuwa wamekwenda kula. Ulikuwa umekaa na kikombe cha kahawa ya tangawizi, shati limekatika kifungo. Nikatoa sindano mkobani nikakaa kando yako nikaanza kushona, nikasema kama ninavyosema siku zote, "Mume wangu, wameniposa. Usiniache."

"Nikuache wapi," ukasema, "na halwa yote ile ulokula? N'nakugharimia tangu Uhuru."

"Usiniache, Babu."

"Watanipa kanzu mpya, mke wangu. Na kofia ya viua. Nitaona tamaa."

Uzi ukanikatika. Nikasema mara ya tatu, na safari hii sikuweza kuichekesha sauti. Ukaweka kikombe chini. Ukaniuliza swali ambalo hakuna mtu mwingine duniani angejua kuniuliza.

"Wasema kama mke, au wasema kama mjukuu?"

"Kama mjukuu."

"Nani mwengine ajua?"

"Wewe tu."

"Basi lisitoke hapa." Ukachukua kikombe, ukaona kimepoa, ukakirudisha. "Wakijua ni wewe, watauliza ni kijana gani huyo uliyempata, na hata kama hayuko watamtafuta mpaka wamtie jina. Wakijua ni mimi, watasema mzee huyu amezeeka. Hilo halinipunguzii kitu. Maliza kifungo, watoto warudi."

Ulidanganya, Babu. Lilikupunguzia. Lakini siku ile nilikuamini, kwa sababu nilitaka kukuamini.

Jumamosi ya harusi nilikuwa chumbani na hina imekauka, nasikia yote kupitia dirisha. Baada ya laasiri jamaa wa Bwana Twaha walifika, wakakukuta umekaa kizingitini na bakora yako. Watu walifurahi sana. Ndiyo desturi yetu: babu akae mlangoni, aombwe amwache mkewe, akatae mara tatu, apewe chake, na mara ya nne atoe talaka ya utani ndipo harusi iingie.

"Mzee, twaomba umwache."

"Simwachi."

Vicheko. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu wakatoa kanzu, kofia na mkongojo wenye kichwa cha fedha. Wanawake wakajiweka tayari. Ukaishika kanzu, ukaipima mabegani, ukawarudishia. "Nzuri. Simwachi." Vigelegele vilikuwa vimeshaanza, vikakatikia njiani. Watu wakacheka zaidi, wakasema mzee leo ana yake. Wakaongeza koti. Ukakataa. Wakaongeza saa ya mkono. Ami Bakari akakunong'oneza kwa sauti ambayo mimi nilikuwa ndani nikaisikia, "Mzee, wacha mchezo, watu wamesimama." Ukajibu, "Nani acheza?"

Nikasikia vicheko vinapungua. Ni kitu cha ajabu kukisikia kupitia dirisha, Babu. Kwanza walinyamaza wanaume walio karibu nawe, halafu walio uani, mwisho wanawake wa jikoni. Baba akaja akachutama mbele yako. Sijui alikwambia nini. Najua ulichojibu kwa sababu ulikisema kwa nguvu. "Mwataka kumuoa mke wa mtu, na mumewe yu hai, yuwawatazama?" Kisha ukalala. Ulilala chini mlangoni, na kanzu yako nyeupe, mzee wa miaka sabini na ushei, mwalimu wa nusu ya watu waliokuwa wamesimama pale.

Nani angekuruka? Baba hangekuinua wewe, baba yake, kama gunia mbele ya wageni. Sheikh alitazama saa. Mama yake Bwana Twaha ndiye aliyemaliza mambo. Alisema mwanawe haingii nyumba iliyolaliwa mlango, huo ni mkosi. Akachukua sinia lake mwenyewe akaenda zake, na wengine wakamfuata mmoja mmoja mpaka barabarani.

Mimi nilikaa kitandani na hina yangu. Nilifurahi, Babu. Nataka ujue hivyo, kwa sababu baadaye niliona aibu hata nikaisahau ile furaha.

Halafu ndiyo ikaja bei yake, na ukailipa wewe. Habari ilifika msikitini kabla ya sala ya isha. Wazazi wakaanza kuwatoa watoto chuoni, kwanza wawili, kisha saba. Hakuna aliyekutukana. Walisema mwalimu amechoka, apumzike. Baba alikwenda mjini na gari la kuazima akarudi nawe, na mkeka wako, na sanduku la vitabu, akakuweka kile chumba cha nyuma. Chumba chako cha ghorofani wakakipanga mafundi cherehani.

Ulikaa hapo mwaka mmoja na miezi tisa. Kila asubuhi ulivaa kanzu na kofia ukakaa nje kwenye jua, bakora magotini, kama mtu mwenye pa kwenda. Mimi nikipita kwenda kazini unaniambia, "Nenda, mke wangu. Simu zakungoja." Niliipata kazi yangu na wewe ukaikosa yako. Mara moja tu ndipo uliposema. Nilikuwa nakukata kucha. Ukasema, "Yule mtoto wa muuza makaa alikuwa amebakisha sura mbili akamilishe. Mbili tu. Sijui kama wamemmalizia." Nikakwambia, "Babu, acha niwaambie. Leo hii nitawaambia." Ukauvuta mkono wako. "Ukiwaambia, mimi nililala chini bure." Nikanyamaza.

Nilinyamaza ulipokufa pia. Nilijiambia natii neno lako. Lakini Jumapili sikunyamaza, nilicheka, na kucheka hukuniagiza. Hapo ndipo nilipoona kwamba sikulindi tena wala sikutii. Najilinda mimi.

Nilikuwa nimefika hapa jana nikaiacha kalamu, kwa sababu niliona ni woga mwingine huu, kumwandikia marehemu jambo ambalo wa kuambiwa yuko hai, tena yuko nje anakata ua. Nikatoka.

Baba anaupenda ule ua wake wa michongoma, unamjua. Kila mwisho wa wiki na mkasi wake mkubwa, kuusawazisha. Nilisimama nyuma yake. Nikasema, "Baba, Babu hakuwa na wazimu." Hakugeuka. Nikasema tena, na safari hii nikayamimina yote, kifungo, kahawa, swali lako, wiki mbili zile, mtoto wa muuza makaa. Nilisema nikiwa nimetazama mgongo wake, na nadhani kama angegeuka nisingemaliza. Mkasi uliendelea kidogo, kisha ukasimama.

"Alikuwa na akili zake?"

"Zote, Baba. Mpaka siku ya mwisho."

"Na mimi ndiye niliyekwenda kumtoa chuoni."

Aligeuka ndipo nikaona uso wake, na sijawahi kuuona uso ule. Nilidhani atauliza kuhusu Bwana Twaha, au kuhusu heshima yake mbele ya watu. Aliniuliza jambo moja tu, taratibu, kama anaogopa jibu.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

Nikamtazama machoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

"Kwa sababu na wewe sina utani, Baba."

Akaugeukia ua wake akaanza tena kukata, mahali pale pale, hakusogea kulia wala kushoto, mpaka ikafunguka nafasi na nikaiona nyumba ya jirani upande wa pili, na nguo zao kwenye kamba.

Babu, nimesema. Kesho nampelekea Ami Bakari barua hii, aisome kwa sauti yake ile ile. Wewe pumzika. Mimi talaka yangu bado sijaipata, na aliyekuwa na haki ya kuitoa ameondoka nayo.

Wako usiyemwacha, mke mdogo na mjukuu,

Zuhura